Namba ya Kwenye Ganda

Figo ya Nyamizi ilikufa Jumanne saa nne na dakika kumi asubuhi, mikononi mwa mdogo wake, wakati akiifanyia matengenezo ya kuizuia isife.

Kashindye aliikazia macho ile taa ndogo pembeni mwa figo, mashine ya bandia ya kuvaa kiunoni. Ilikuwa nyekundu, ikawa njano, ikazima. Maelekezo yalisema baada ya sekunde thelathini ingewaka kijani. Alihesabu thelathini. Akahesabu sitini. Akaenda hadi mia mbili, ingawa tangu thelathini na moja alishajua kwamba anajidanganya.

"Imekubali?" Nyamizi aliuliza. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha zahanati, mirija miwili ya ubavuni mwake imebanwa kwa vibanio, mkanda wa kiunoni mtupu.

"Bado, dada."

"Bado ya kusubiri, au bado ya mambo kuharibika?"

Kashindye alichomoa waya, akauchomeka tena. Betri za sola zilikuwa zimejaa, alishazipima mara mbili. Waya ulikuwa mpya. Lile faili alililinganisha herufi kwa herufi na namba ya uhakika iliyotumwa na kiwanda, na herufi zote sitini na nne zilifanana. Alifuata kila kitu. Hilo ndilo lililomtisha: kama alifuata kila kitu, basi alichokosea ni kitu ambacho hakukiona.

Mama Bunzali, mwenyekiti wa chama cha wavaa figo, alikuwa ameketi mlangoni kama shahidi wa kwanza. Nesi Perpetua alikuwa shahidi wa pili.

"Kashindye, usitutoe roho," Mama Bunzali alisema. "Sema neno."

"Imekufa."

Perpetua alishika mdomo. Nyamizi alitazama dari.

"Haya," alisema polepole. "Nina muda gani?"

Perpetua ndiye aliyejibu, maana ndiyo kazi yake. "Mtu mwenye moyo mzima, siku tatu. Wewe na moyo wako, dada, tuseme mbili."

"Tabora?"

"Nilishapiga tangu jana kwa tahadhari. Mashine kubwa zina foleni ya siku sita. Nchi nzima inakimbilia huko."

Nchi nzima ilikuwa inakimbia kwa sababu moja. Kalenda iliyoandikwa ndani ya figo zile ilikuwa na mwisho. Waliozitengeneza hawakufikiri kwamba figo moja ingefanya kazi miaka mingi hivyo, ikitoka kiuno hiki kwenda kiuno kile. Ijumaa saa sita mchana hesabu ya siku ingejaa. Figo ingeamini kwamba chujio lake limeoza, nayo ingejizima yenyewe, kwa usalama wa mvaaji. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua ya kiwanda: kwa usalama wa mvaaji. Pale kwao Isimbila palikuwa na wavaaji arobaini na mmoja.

Kiwanda kilileta dawa yake kwa droni ya posta: kijiti kimoja cha kuchomeka chenye mafaili mawili. Moja la bodi, vile vibao vya umeme vya ndani, za toleo la kwanza, jingine la toleo la pili. Namba ya ganda la nje ikianza na tano, bodi ni ya kwanza. Ikianza na saba, ni ya pili. Figo ya Nyamizi ilianza na saba.

Na ilibidi ianze ya kwake. Hakuna mahali ilipoandikwa, lakini Isimbila figo ya kwanza kuguswa ni ya nyumbani kwa fundi. Zamani fundi mmoja wa kupita aliua figo mbili siku moja, akapanda pikipiki yake na vumbi likawa ndiyo kwaheri. Tangu hapo watu walisema: fundi aanze na damu yake, mkono utatulia. Kashindye hakuwa na mke wala mtoto mvaaji. Alikuwa na dada, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Aliligeuza lile ganda. Saba, sifuri, nne, tisa. Alilitazama mpaka namba zikaanza kucheza. Ndipo akakumbuka.

Mtu akifariki Isimbila, figo yake hurudi chamani, husafishwa, hupewa anayefuata kwenye orodha. Lakini kabla ya kupewa, fundi huingia nayo nyuma ya pazia, huitoa bodi kwenye ganda la marehemu na kuiweka kwenye ganda jingine kutoka kwenye kapu. Haandiki popote. Huapa kutosema. Maganda yote yanaingiliana, ya tano na ya saba, hayabagui. Walianza hivyo kwa sababu figo ina mlio, mvumo mdogo kama wa nyuki ndani ya chupa, na hakuna figo mbili zenye mvumo mmoja. Aliwahi kuwepo mjane aliyeutambua mvumo wa mumewe kiunoni mwa mwanamume mwingine, akawa anamfuata kila aendako, sokoni, kilabuni, msalani, aketi karibu asikie. Ganda jipya huubadili mvumo. Mfiwa analala, mvaaji naye anatembea bila kutazamwa kama kaburi.

Ganda la Nyamizi lilibadilishwa na fundi aliyemtangulia Kashindye. Ndani mlikuwa na bodi ya toleo la kwanza. Yeye akaipa programu ya toleo la pili.

Na Kashindye mwenyewe alishabadili maganda kumi na moja kwa mikono yake. Alijua namba ya ganda si namba ya bodi. Alijua kama mtu anavyojua kwamba atakufa, yaani bila kulifikiria.

*

"Nieleze kama unamweleza mjinga," Mama Bunzali alisema. Alikuwa amewahi kuwa askari magereza miaka ishirini, na mpaka leo aliuliza maswali akiwa amesimama. "Simu ikigoma si mnaifuta mnaweka upya?"

Kashindye alivuta pumzi. "Programu ya simu unaiweka juu, unaitoa. Hii sisi mafundi tunaiita fimwea. Imeandikwa ndani ya chipu yenyewe. Bila hii, bodi haijui hata kama ni figo, ni kipande cha plastiki na shaba. Sasa, chipu ina sehemu mbili. Ya juu ndiyo kazi: kuchuja, kusukuma damu, kuhesabu siku. Ya chini ni mlango. Ndio unaopokea programu mpya. Bodi za kwanza mlango wake uko mahali pengine na za pili mahali pengine. Nimeandika mahali pasipo pake. Nimeuziba mlango."

"Uzibue."

"Kwa waya huu siwezi, ni kama kubisha hodi ukutani. Lazima nifungue ganda, nibane chipu yenyewe kwa kibano, nimwagie nakala nzima, mlango na kazi, iliyotolewa kwenye bodi nyingine ya toleo la kwanza iliyo hai. Kiwanda hakitoi nakala nzima. Wametoa sehemu ya juu tu."

"Na kwa nini hukuchukua nakala ya hii kabla hujaigusa?"

Swali lilifika palepale lilipotakiwa kufika.

"Kuchukua nakala ni kufungua ganda. Kufungua ganda la mtu aliye hai kanuni inataka kikao cha wanachama wote, na mashahidi wawili. Kikao ni Jumapili. Kalenda inaisha Ijumaa."

"Kuna kikao cha dharura."

"Kipo."

"Hukuomba."

"Sikuomba. Namba ya ganda ilikuwa wazi. Niliona usumbufu."

Mama Bunzali alisogea mlangoni. "Angalau umesema," alisema, akatoka kwenda kuita wanachama. Kikao cha dharura kilifanyika uwanjani baada ya saa moja, kikapitisha maganda yafunguliwe, mbele ya mashahidi walewale wawili.

Perpetua naye alipotoka kuchemsha vifaa, Nyamizi aligeuza kichwa.

"Unamjua," alisema.

"Nani?"

"Mwenye bodi kama yangu. Nimekulea tangu una meno mawili, Kashindye. Ukificha kitu sikio lako la kushoto linakuwa jekundu."

Kashindye alikaa kwenye kigoda karibu naye. Miguu ya Nyamizi ilishaanza kujaa maji, soksi zilimkata. "Namjua mmoja," alinong'ona. "Mmoja tu kwa uhakika. Nilimbadilishia mwenyewe miaka miwili iliyopita, na niliiona bodi."

"Uliapa."

"Niliapa."

"Basi."

"Basi nini, dada? Nikuzike na kiapo changu juu ya jeneza?"

"Ukifungua ya kwake ikafa, mtanizika na yeye. Huyo mtu leo yu mzima. Ameamka, amekunywa chai. Wewe umekosea, mimi nimeumia, hilo ni la nyumbani kwetu. Kwa nini yeye?"

Kashindye alisogeza kigoda. "Ganda lake linasema saba. Hata nisipomgusa leo, kesho kutwa atakuja kwenye foleni, na mimi najua namba yake inadanganya. Na wengine sijui ni wangapi. Njia ya kuwa na hakika ni kuisoma chipu ya kila mtu. Ukiisoma chipu, kitu cha kwanza kinachotokea kwenye skrini ni jina la mvaaji wa kwanza. Kimechomwa humo kiwandani, hakifutiki."

"Na mashahidi wanaona."

"Wanaona."

Kanuni ya ganda na kanuni ya mashahidi zilikuwa zimeishi nyumba moja Isimbila miaka kumi na tisa bila kugombana. Moja iliwekwa ili fundi asiseme. Nyingine iliwekwa ili fundi asiibe. Angeweza kuivunja ya pili kimyakimya, afungue peke yake nyuma ya pazia, na watu wangelala usingizi wao. Lakini fundi aliyetoka kuua figo asubuhi hawezi kudai aachwe peke yake na nyingine arobaini. Hata yeye asingemkubalia.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo hakumwambia dada yake. Alikumbuka si bodi tu. Alikumbuka aliitoa kwa nani.

*

Lufungulo alikuwa buchani kwake, tumbo mbele, kisu mkononi, akimkatia mteja ubavu. Alipomwona Kashindye alipiga kelele.

"Fundi! Maini au utumbo? Au umekuja na bisibisi unifungue?"

Mteja alicheka. Kashindye hakucheka. Alisubiri mteja aondoke, akaingia ndani ya kaunta, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nimekuja na bisibisi," alisema.

Alimweleza yote. Lufungulo alisikiliza huku akifuta kisu kwa kitambaa, upande huu, upande ule, mpaka kikang'aa.

"Kwa hiyo hii si mpya."

"Isimbila haijapata figo mpya kwa miaka minne."

"Mimi nilikuwa natamba. Nimewaambia watu ni mpya." Alishika kiuno chake kama mtu aliyeguswa na mgeni. "Ya nani?"

"Siwezi."

"Lakini ukiifungua nitajua."

"Utajua. Na watakaokuwepo watajua."

"Kuna uwezekano gani itarudi salama?"

"Kwenye kumi, tisa. Kusoma si kuandika, siibadilishi. Lakini kibano kikiteleza kikagusanisha miguu miwili ya chipu na umeme umo, kwisha."

"Nikikataa?"

"Alhamisi nitakuwekea programu ya bodi za kwanza. Haijajaribiwa kwa mtu yeyote hapa. Ikigoma, sitakuwa na nakala ya kukurudisha. Nikiwa nayo nitaweza kukurudisha hata mara kumi."

Lufungulo alimkazia macho. "Kumbe na mimi nafaidika."

"Unafaidika. Lakini nisikudanganye, kama si dada yangu nisingekuwa hapa leo."

"Mshenzi wewe," Lufungulo alisema, bila hasira. Alining'iniza kisu. "Nipe mpaka kesho asubuhi. Nina mke. Siwezi kwenda kuvuliwa figo yangu bila kumwambia, akisikia barabarani atanimaliza kabla yako."

"Dada ana siku mbili."

"Kesho saa mbili asubuhi. Nimesema."

Kashindye alirudi zahanati akihesabu masaa. Saa mbili asubuhi yangekuwa masaa ishirini na mawili. Nyamizi alikuwa ameanza kukohoa.

*

Lufungulo alifika saa mbili kasorobo. Alikuja amenyoa, amevaa shati la kanisani. Alipanda kitandani, Perpetua akabana mirija, akaifungua figo kutoka kwenye mkanda. Kitanda cha pili, hatua tatu tu, Nyamizi alikuwa akipumua kwa mdomo, uso umejaa, macho yamebaki mistari miwili.

Mama Bunzali alivuta kiti mpaka mbele ya skrini.

"Mama," Kashindye alisema. "Nakuomba leo shahidi awe mtu mwingine."

"Kwa nini?"

"Nakuomba tu."

"Chama kimenichagua mimi."

"Basi geuka jina likitokea. Mara moja tu."

"Shahidi anayegeuza shingo si shahidi, ni pambo. Una nini wewe?"

Alisimama na bisibisi mkononi. Kusema kungekuwa kuvunja kiapo kwa mdomo. Kunyamaza kungekuwa kumwacha aingie shimoni huku anamtazama. "Kwa sababu mimi najua utakachokiona," alisema mwisho, "na wewe hujui."

Mama Bunzali hakuwa mjinga. Macho yake yalienda kwa Lufungulo, yakashuka kwenye mkanda mtupu, yakarudi kwa fundi. Mikono yake ilitafuta ukingo wa kiti, ikaushika.

"Fungua," alisema.

Skrubu nne. Ganda likaachia kwa mlio mdogo. Bodi ilikuwa ya kijani kibichi, ya toleo la kwanza, kama alivyoikumbuka. Chipu yenyewe haikuzidi ukucha wa kidole cha mwisho, miguu minne huku, minne huku. Kashindye alizuia pumzi akashusha kibano. Aliinua mkono, akaufuta kwenye suruali, akashusha tena mpaka aliposikia meno ya kibano yamekaa.

Akabonyeza kusoma. Mstari ukaanza kutambaa. Dakika tisa. Akasoma mara ya pili, kwa sababu nakala moja si nakala; ukisoma mara mbili zikafanana ndipo unajua umesoma kilichomo na si kelele za waya. Dakika nyingine tisa. Akazilinganisha.

Hazikufanana.

"Nini?" Lufungulo aliuliza kutoka kitandani. "Mbona umeacha kupumua?"

"Mguu mmoja haujashika vizuri."

"Wa kwangu au wa chipu?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Kashindye alitoa kibano, akasafisha ile miguu minane kwa spiriti na mswaki, mmoja mmoja. Nyamizi alikohoa kikohozi kirefu chenye maji ndani, na Perpetua akamwinua aketi. Kashindye alijilazimisha asigeuke. Akabana upya. Akasoma. Akasoma tena. Dakika nyingine kumi na nane. Akalinganisha.

Zilifanana, kila herufi. Ndipo programu ilipotafsiri nakala na kuandika juu ya skrini, kwa herufi kubwa zisizo na haya:

MVAAJI WA KWANZA: BUNZALI. MIAKA 24.

Mama Bunzali hakulia. Alilisoma jina lile kama mtu anayesoma mbali, midomo ikitembea. Binti yake alikufa kwa homa ya uzazi, figo ikiwa kiunoni inafanya kazi vizuri, na mama yake ndiye aliyeirudisha chamani kwa mikono yake kama kanuni inavyotaka.

"Miaka miwili," alisema. "Kila Jumamosi nanunua nyama kwa huyu. Namtania tumbo lake."

Lufungulo alijaribu kuketi. "Mama, Mungu anaona, sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo kazi ya ganda." Alimgeukia Kashindye. Sauti yake ilikuwa imenyooka kama ya gerezani. "Wewe ulijua. Kila Jumamosi ulijua. Sasa mrudishie hiyo figo yake, maana ni yake, halafu mtazame dada yako. Midomo imebadilika rangi."

Aliifunga, akaichomeka. Taa ikawaka nyekundu, njano, kijani. Mvumo ukaanza. Mama Bunzali aliusikiliza, akanyanyuka, akatoka nje. Perpetua alipiga kelele kumwita mtu wa kushika nafasi ya shahidi.

Kumwaga nakala kwenye bodi ya Nyamizi kulichukua nusu saa, na kuithibitisha nusu saa nyingine. Halafu ilibidi mlango uliofufuka upewe ile programu ya kiwanda, ya toleo la kwanza safari hii, na hapo betri moja ya sola ilishuka chini ya nusu. Kashindye aliacha. Ilimchoma moyo, lakini aliacha. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, unaanza msiba upya. Alikwenda mwenyewe kwenye duka la kinyozi, akaikopa betri yake, akarudi ameibeba begani huku anakimbia.

Saa tisa alasiri, Jumatano, figo ya Nyamizi iliwaka kijani. Masaa ishirini na tisa tangu izime.

Alifungua macho baada ya muda mrefu. "Kashindye," alisema. "Washa taa ya upande huu."

Jua lilikuwa linaingia dirishani, limejaa upande ule wote.

*

Alhamisi watu walijaa kwenye uwanja wa zahanati kabla ya saa moja. Habari ya jina ilishafika kila nyumba. Walikuja wavaaji, na walikuja wafiwa ambao hawakuvaa chochote, wamesimama pembeni wamefunga mikono, wakisubiri kusikia. Kashindye aliwaambia wafiwa waondoke. Hawakuondoka.

Akafanya kazi. Funga, fungua. Soma mara mbili, linganisha, weka nakala kando, tazama toleo la bodi yenyewe, chagua faili, pima betri, andika, subiri kijani. Mashahidi walisoma majina kimoyomoyo, lakini nyuso zao zilisoma kwa sauti. Mwanamke mmoja aliambiwa anavaa ya mjomba wake akacheka kwa furaha. Kijana mwingine alisoma jina, akavaa, akapita katikati ya watu ameinamisha kichwa, na mzee mmoja akamfuata nyuma, pole pole, hatua kwa hatua.

Mihayo mrina asali alikuwa wa thelathini na tatu kwenye foleni. Ganda lake lilikuwa la zamani, limechubuka, na siku zote alikuwa akisema hajui alilipata lini. Alimwona yule mzee akimfuata yule kijana. Alitazama kwa muda.

"Jamani, nishikieni nafasi," alisema kwa sauti. "Naenda kukojoa."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hakuna mvaa figo Isimbila aliyekojoa kwa miaka. Mihayo naye alicheka, akapunga mkono, akakata kona nyuma ya zahanati. Kashindye alimwona kupitia dirishani akiwa na kibano mkononi na chipu ya mtu chini yake, dakika nne zimebaki. Alijua. Angeweza kuacha na kumkimbilia. Akikiacha kibano, anahatarisha aliyelala kitandani. Akasubiri dakika nne, akatoka mbio. Njia ya porini ilikuwa tupu.

Walimtafuta Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi, mizinga yote aliyoijua mtu. Ijumaa saa sita mchana ilipita.

Jumapili ya pili kikao cha kawaida kilimtaka Kashindye asimame aseme hasara. Alisimama bila karatasi.

"Figo arobaini na moja," alisema. "Arobaini zinafanya kazi. Bodi zilizokuwa kwenye ganda la toleo lisilo lake ni kumi na tatu. Ningeandika kwa kufuata namba, ningeua kumi na tatu. Majina ya marehemu yaliyojulikana ni ishirini na sita. Familia mbili zimeshahama mtaa. Dada yangu amepoteza jicho la kushoto, na Perpetua anasema halirudi. Mama Bunzali ameacha uenyekiti, na hanunui tena nyama. Kiapo changu kimevunjika, kwa hiyo mtafute mwingine wa kuingia nyuma ya pazia, kama bado mnalitaka pazia."

Mtu mmoja nyuma alimwambia amalizie.

"Mihayo amepatikana jana amekufa chini ya mzinga wake wa mwisho, kule mtoni. Nimeifungua figo yake mbele ya mashahidi. Bodi ni ya pili, ganda ni lake. Kuiandika kungechukua dakika sita. Mvaaji wa kwanza ni Mihayo mwenyewe. Hajawahi kuvaa ya mtu."

Akaketi.